Mama Pete Aiaga Wodi ya Mifupa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, daktari bingwa wetu wa mifupa anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wachache humwita kwa cheo chake. Kwetu sote ni Mama Pete, jina lililomponza mumewe: hadi leo kuna jirani anayemuuliza duka lao la vito liko wapi.

Pete yenyewe ni ya nyonga, yaani mifupa iliyoungana kwa duara chini ya kiuno. Kila kundi la madaktari wanafunzi liligawiwa bangili za plastiki na kuambiwa lizivunje mahali pamoja tu. Walikunja, wakakaza meno, wakaishia na vipande viwili. Hapo yeye alicheka na kusema, "Mkiona ufa mbele, mtafuteni mwenzake nyuma."

Aliwafundisha kuyapanga majeraha ya nyonga katika makundi kwa kuuliza nguvu ilitokea wapi. Aliyebanwa kwa mbele, nyonga hufunguka. Aliyegongwa ubavuni, hukunjika kwa ndani. Aliyeanguka kutoka juu, upande mmoja husukumwa kwenda juu, na huyo ndiye wa kumkimbilia.

Tunamkumbuka fundi paa aliyeletwa na mkewe, uso umempauka, mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwingine. Madaktari wawili walianza kubishana yuko kundi gani, huku presha yake ikishuka. Mama Pete aliingia na shuka mkononi. "Tumfunge kwanza. Mtabishana akiwa hai." Akamkaza shuka nyongani, damu ikaagizwa, mguu ukavutwa kwa kufungiwa uzito. Hali ilipotulia, picha ya eksirei ilionyesha nusu ya nyonga imepanda. Akaishusha mahali pake, akaitia skrubu, kisha akakaa na yule mke kwenye benchi la korido, akimweleza kila hatua kwa kumwonyesha kwa vidole.

Miezi kadhaa baadaye fundi alirudi kwa miguu yake, bila gongo. Mama Pete, ambaye hatukuwahi kumwona akilia, aligeukia dirishani akasingizia vumbi. Wodi ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Vijana aliowafundisha sasa wanaongoza zamu, na wale wawili wabishi ndio wanaomrithi. Bado wanabishana, lakini mikono yao haisubiri.

Asante, Mama Pete, kwa ukali wako na kicheko chako. Tunakutakia usingizi usiokatwa na simu, wajukuu wa kukuchosha, na mifupa isiyotuhitaji kamwe.