Pale Aliposimama Mdogo Wangu

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliosimama juani kwa ajili yetu, mimi ni kaka wa marehemu, seremala, na nimepewa karatasi hizi nizisome kwa sababu mimi ndiye mkubwa, si kwa sababu naweza, kwa hiyo nikikwama msishangae, mimi ni mtu ambaye jirani akipiga chafya humuuliza kama ameshaandika wosia. Shangazi amenionya nisome tarehe tu, nikae chini. Nitajaribu.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Juni 1978, katika zahanati iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, na binti pekee, wa baba yetu, mpiga chapa, ambaye ametangulia, na mama yetu, ambaye yupo hapa mbele, na inasemekana alilia hadi wagonjwa wa chumba cha pili wakaomba mlango ufungwe. Alianza darasa la kwanza Januari 1985 katika shule ya ng'ambo ya reli, akamaliza la saba mwaka 1991, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1995, na miaka ile ya mwanzo mimi ndiye niliyemvusha reli, nikihesabu mabehewa kwa hofu, naye akiyaimbia.

Tarehe 2 Machi 1998 aliajiriwa kupokea simu katika kiwanda cha uchapaji, akadumu miaka mitano, na wapo wateja waliokuwa wakipiga bila shida yoyote, wapate tu kumsikia akisema subiri kidogo. Mwaka 2003 aliacha kazi hiyo, akashika gitaa lake na kuanzisha kundi, na tarehe 7 Agosti 2004 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi wa friji, wakajaliwa mapacha wa kike, waliozaliwa tarehe 2 Februari 2007 wakipishana dakika kumi na moja.

Mpaka hapo tarehe hazinisumbui. Sasa nafika kwenye albamu, na naomba maji.

Mwishoni mwa mwaka 2022 waimbaji wanne, kila mmoja na kundi lake na jina lake, wote wa magitaa ya mbao na nyimbo za taratibu, wote wasioomba ruhusa ya kampuni yoyote kutoa kazi zao, walikubaliana kuwa kundi moja kwa albamu moja. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa wanne, nikamwambia mdogo wangu mtagombana kabla chai haijapoa, akacheka, na ukweli ni kwamba hawakugombana. Wenzake watatu wamekaa pale kushoto, wananisubiri tangu Jumatatu niwape jibu, nami nimekuwa nikiwakimbia.

Kwa kawaida studio kila mtu huimba peke yake, kisha fundi mitambo akaunganisha, lakini wao walitaka kuimba pamoja, wamekizunguka kipaza sauti kimoja, mwenye sauti kubwa akisimama mbali, mwenye sauti ndogo akisogea, na sauti zikishanaswa hakuna tena kuzitenganisha. Chumba kile kina sakafu ya mbao, ubao ukilia chini ya mguu unasikika ndani ya wimbo, ndiyo maana nikaitwa na misumari yangu.

Tarehe 17 Januari 2023 nilipigilia ubao uliokuwa ukilia pale aliposimama mdogo wangu, nikapima kwa futi kamba, futi sita kutoka kwenye kipaza sauti, mbali kuliko wote, kwa kuwa sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Tarehe 9 Machi fundi mitambo aliniita tena, akasema, "Ubao wa dada unalia," nikapiga magoti, na ulikuwa ubao mwingine, futi nne. Tarehe 22 Mei nikaitwa mara ya tatu, futi mbili na nusu, na alama za sakafuni za pale wanaposimama wenzake zilikuwa palepale zilipokuwa Januari.

Mimi, ninayeogopa mvua, umeme, miiba ya samaki na barua zisizo na anwani, siku ile nilifunga mdomo. Alikuwa ameshanitania miaka arobaini kwamba namuuguza kabla hajaugua, nikajiambia safari hii nisimharibie kazi yake, nikakusanya misumari nikaondoka.

Tarehe 5 Juni alilazwa, wakaona uvimbe kwenye pafu la kulia, na daktari, bila ubaya wowote, alisema angefika miezi mitatu mapema ingekuwa habari nyingine. Miezi mitatu mapema ni Machi. Machi nilikuwa nimepiga magoti pale na nyundo mkononi. Alifariki siku ya Jumapili, tarehe 3 Septemba 2023, saa nne asubuhi, nyimbo tisa zikiwa zimekamilika, na alipoulizwa kama zitolewe alimwambia mumewe, "Muulizeni kaka, akikubali yeye hakuna atakayeogopa tena."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani mliopokezana kuwapikia mapacha, wenzake wa uchapaji mliotuchapia picha yake ile pale, na fundi mitambo, aliyetuletea nyimbo kama zilivyonaswa, kabla hajazisafisha.

Shangazi, nivumilie kidogo. Mama alikuwa amekataa kuzisikia, akisema hawezi kwenda dukani akakutana na mwanawe kwenye redio, nami nikajificha nyuma ya kukataa kwake, lakini jana saa tano asubuhi tuliketi, mama, shemeji na mimi, tukazisikiliza. Kabla ya wimbo wa saba kuna kiti kinavutwa, kuna kikohozi, halafu anasema, "Nimesogea tena, jamani. Kaka asijue, hatalala yule." Wanacheka, magitaa yanaanza.

Mama alisema, "Irudishe." Tukairudisha mara nne.

Kwa hiyo ninyi watatu, jibu la familia ni ndiyo, albamu itoke, na fundi mitambo asafishe atakachosafisha, ila maneno yale ayaache yalivyo, pamoja na kikohozi.

Nawe mdogo wangu, nilijua. Tangu ubao wa pili nilijua, na kweli sikulala. Basi wewe lala, pumzika kwa amani.