Fomu ya Kiwanja Iliyonitoa Katika Uongo

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu wa hapa Karatu, nanyi mliotembea kutoka Rhotia asubuhi hii na umande miguuni! Mchungaji amenipa nafasi fupi, nami nitajitahidi, ingawa mnaonifahamu mnaujua mdomo wangu.

Mimi nilizaliwa Kitui, Kenya. Leo nalisema hilo kwa sauti, lakini kwa miaka minne sikuweza. Nilikuja Tanzania na mume wangu, dereva wa magari ya watalii. Tuliishi Ngorongoro, kwenye vyumba vya wafanyakazi wa hoteli iliyo juu ya ukingo wa kreta, mahali ambapo shuka huchukua siku tatu kukauka kwa sababu ya ukungu. Yeye aliendesha, mimi nilifua. Kisha mume wangu akafariki kwa homa ya mapafu, akaniachia mabinti wawili, Ruthi na Esta. Haukupita muda mrefu, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Watalii wakapungua, hoteli ikapunguza watu, nami nikaambiwa nirudishe ufunguo wa chumba. Kule hifadhini mtu hawezi kujijengea. Kitui wazazi wangu walikuwa wameshakufa, na njia ya kurudi ilikuwa imefungwa. Nikashuka Karatu na wanangu na godoro moja.

Ndugu zangu, hapo ndipo uongo ulipoanza. Mama Paskalina, yule pale, Mwiraqw mwenye roho nzuri, alinipangisha chumba uani kwake. Akaniuliza kwetu ni wapi. Niliogopa kwamba nikisema Kenya nitafukuzwa, nikamjibu kuwa mimi ni Mpare wa Same. Same sijafika mpaka leo!

Uongo ule ulinitesa. Siku moja lori la vitunguu kutoka Mang'ola lilisimama mbele ya nyumba. Mfanyabiashara mmoja Mpare alikuwa ameambiwa kwamba kuna dada wa kwao Upareni hapa, akashuka kwa furaha na kunisalimu kwa Kipare. Mimi nikashika shavu, nikajifanya jino linaniuma. Yule baba akanionea huruma, akaenda dukani kuninunulia dawa, akasimama hapo mpaka nikaimeza. Ndugu zangu, nilimeza dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao, kisha nikasema asante.

Nikaendelea hivyo, nikifulia nyumba ya wageni. Watu wakaniona nina bidii, na kijiji kikanigawia kiwanja huku nyuma ya soko. Nilifurahi mno. Nikajifunza kufyatua matofali, mimi na wanangu, tukakanyaga udongo mwekundu mpaka nyayo zetu zikabadilika rangi. Lakini kwa kuwa kiwanja kilikuwa ndani ya mji mdogo, haikuruhusiwa kuchimba msingi bila ramani kupitishwa wilayani, Mbulu.

Safari ya kwanza ramani yangu ilirudishwa. Bwana afya alisema choo nimekiweka karibu na jiko, tena upande unakotoka upepo, akaniuliza kama nawachukia wageni wangu. Nikarudi, choo kikahamishwa kwenye karatasi. Safari ya pili bwana afya akapitisha, akanielekeza kwa bwana ardhi. Huyo akanipa fomu ya kupeleka nyumbani, nijaze jina, kazi na mahali nilipozaliwa.

Wiki nzima fomu ile ilikaa chini ya godoro. Hatimaye nikaandika Same, nikapanda lori la mahindi kwenda Mbulu. Na mnajua niliomba nini njiani? Nilimwomba Mungu anisaidie uongo upite! Nilisema, Bwana, huu mmoja tu, nipate nyumba, nitatubu nikishaezeka.

Bwana ardhi alikuwa kijana mpole. Akasoma, akainua kichwa, akaniuliza Same sehemu gani. Nilitafuta jina la kijiji chochote cha Upareni, sikulipata. Nikaona wanangu wakija kuishi ndani ya nyumba ile na kurithi jina la mahali pasipo pao. Machozi yakanitoka. Nikasema, "Mwanangu, nimekudanganya. Mimi ni Mkamba wa Kitui. Kama ni kunirudisha, nirudishe, lakini siwezi tena."

Akaweka kalamu chini. Nilidhani anaita askari. Akasema, "Mama, fomu yenye uongo siwezi kuipitisha. Nenda Arusha uandikishwe uhamiaji, kisha wenyeji wako wakuandikie barua. Wakikukubali, rudi."

Basi nikarudi Karatu nikiwa mwepesi, lakini sasa ilibidi niwaambie ninyi. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Bura, akaita kikao. Nikasimama, nikaeleza yote, hata habari ya jino. Mzee Bura akakohoa, akasema, "Mama Ruthi, kwani sisi ni viziwi? Kila ukianua mashuka unahesabu imwe, ili, itatu. Hicho ni Kipare cha wapi?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walijua tangu mwaka wa kwanza! Nikamgeukia Mama Paskalina, nikamuuliza kwa nini hakuniambia kitu. Akanijibu, "Kwenu ni juu yako kupataja. Sisi tulikuwa tunakungoja."

Ndugu zangu, nililia kuliko siku ile ya Mbulu. Miaka minne nilikuwa najificha mbele ya watu waliokuwa wananiona, na wakanipenda hivyo hivyo! Nikamwelewa na Mungu wangu siku hiyo.

Barua ikaandikwa. Arusha nilikwenda mara mbili, nikaandikishwa kwa haki. Ramani ikagongwa muhuri, na mahali pa kuzaliwa paliandikwa Kitui. Siku ya kuchimba msingi mlikuja na majembe hata kabla sijakoroga uji, na Mzee Bura akaleta mawe kwa mkokoteni wa ng'ombe, safari tano. Leo kuta zimefika usawa wa madirisha. Paa bado, nami silalamiki.

Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi. Na wewe uliyekaa humu ukiwa na neno ulilolifungia moyoni, ukiogopa kwamba likijulikana utafukuzwa, nakusihi, liseme leo mbele za Bwana. Usingoje mpaka uezeke. Yeye analijua tayari, na hajakuhamisha.