Jembe la Posa

Kwanza niliona vidole vyake, vyeusi kwa makaa, juu ya jembe jipya alilolipakata. Tulikuwa kwenye basi la Nyakabanda, mwaka 1992. "Wazungu wa mradi wa kwanza walitufundisha kufua majembe ya kuuza," mhunzi huyo alimwambia mama aliyekaa kando yake. "Wa mradi wa pili wanayagawa bure. Kwani hawasalimiani?"

Mama alicheka. "Cha bure hakikataliwi, mzee. Mimi nimepewa mawili."

"Na binti yako akiposwa, utapokea jembe la msaada?"

Kwetu posa haikamiliki bila jembe. Mama alifikiri kidogo. "Jembe ni jembe."

"Usijitukane, mama! Binti yako si wa bure."

Basi likasimama, wakashuka wakibishana. Mimi, msichana ambaye hajaposwa, niliwatazama dirishani. Sasa nasema: atakayenioa alete jembe la mzee yule.