Ziwa la Kushoto la Benilde

Padri, wazee wetu, majirani wa Palma na ninyi mliotoka Mute, mimi ni Fernanda, dada wa marehemu, tumbo moja, na nimeomba niisome mwenyewe historia hii kwa sababu na mimi nimo ndani yake.

Benilde Joaquim alizaliwa Mueda tarehe 14 Machi 1986, akasoma hapo hapo mpaka darasa la saba, mwaka 2008 akanifuata Palma, na gesi ilipogunduliwa baharini akapata kazi ya kupika kwenye kambi ya wapimaji, ambako hata mzungu akilalamikia chumvi alijibiwa papo hapo. Tarehe 20 Agosti 2011 alifunga ndoa na Valter, na tarehe 2 Februari 2013 wakajaliwa mtoto wao mmoja tu, Zuleica.

Julai ya mwaka huo ziwa lake la kushoto lilifanya uvimbe mgumu, nasi wanawake wa nyumbani tukasema mtoto amembeulia ziwa, yaani amecheua huku ananyonya, na pumzi yake ndiyo iliyolivimbisha, tukamwachisha kunyonya, na mimi kwa mikono yangu nikawa nalichana ziwa lile kwa kitana kila asubuhi, ndiyo dawa yake kwa mila yetu, miezi mitatu, yeye akilia, mimi nikimwambia avumilie. Uvimbe ulipasuka, tukampeleka kituo cha afya, akapewa dawa za jipu la maziwa, kidonda kikakataa kufunga, likatoboka tundu la pili, na ilikuwa Januari 2014 ndipo daktari wa Pemba alipokata kinyama akakipima, akatuambia ni kifua kikuu, vijidudu vilevile vya mapafu, vimeingia kwenye ziwa la mtu asiyekohoa hata siku moja. Jamani, nani angejua? Vidonge alianza, lakini ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani, akafariki juzi, tarehe 6 Machi, saa nne asubuhi.

Sasa nasikia hapa msibani watu wananong'ona kwamba Zuleica ndiye aliyemuua mama yake, na tangu juzi hakuna mwanamke hata mmoja aliyempakata. Komeni! Mtoto amepimwa, ni mzima, na hana kosa lolote. Anayetafuta wa kumlaumu, tulikawia kwenda hospitali kwa sababu yangu, na kitana nilikishika mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Pemba, wapishi wenzake wa kambini, na majirani mliochimba kaburi. Mkija kunipa pole, mpakateni kwanza mtoto, ndipo mnipe mkono.

Benilde, mdogo wangu, upumzike kwa amani, na unisamehe.