Mama Taipu na Swali la Sura ya Nne

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza mama yetu, familia imenituma mimi, mtoto wake wa pili, niwasomee maisha yake, na niseme mapema kwamba historia hii ina pengo moja, ambalo mama alihangaika nalo kwa zaidi ya miaka thelathini, nalo ni mahali alipo mtoto wake wa kwanza, kaka yangu, kwa hiyo mtakaposikia tarehe zimenyooka vizuri kisha ghafla zikakatika, msidhani nimepoteza karatasi.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwa fundi wa njia na mama yake mshonaji. Alianza shule ya msingi mwaka 1952, katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la nane mwaka 1959, na ingawa alifaulu kuendelea, nafasi ya karo ilikuwa moja, ikaenda kwa kaka yake, yaani Mjomba wetu aliyekaa pale mstari wa mbele, ambaye mpaka leo husema kwamba alikwenda kusoma kwa niaba ya dada yake, na mama mpaka mwisho alimjibu kwamba kama ni kwa niaba yake, basi angesoma kwa bidii kidogo. Mwaka 1962 alijiunga na chuo cha makarani, akajifunza kupiga taipu bila kutazama vidole, ujuzi ambao ndio uliotulisha sisi sote.

Tarehe 20 Aprili 1963 alifunga ndoa na baba yetu, fundi bomba wa idara ya maji, wakapanga nyumba ya tatu kutoka kona ya kiwanda cha sabuni, na humo wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1964, na mimi niliyezaliwa mwaka 1969, bila mtu kunitarajia, kama alivyopenda kuwaeleza wageni.

Mwaka 1966 aliajiriwa chuo kikuu, kitivo cha sanaa na sayansi za jamii, katika chumba cha wapiga taipu chenye meza sita, dirisha moja lisilofunguka, na tangazo ukutani linalokataza mazungumzo, ambalo mama mwenyewe ndiye aliyelipiga, huku akizungumza. Alifanya kazi humo miaka kumi na tisa, akapandishwa cheo mara mbili, na Oktoba 1983 alipata furaha ambayo wenzake walimtania nayo mwaka mzima, pale kaka yangu alipoingia chuo hichohicho kusoma sosholojia, wakawa wanamwuliza, "Mama, na mitihani ya mwanao nayo utampigia?"

Sasa nafika kwenye pengo. Mwaka wa pili kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti mdogo, na kaka, kwa kuwa tuliishi jirani na kiwanda cha sabuni, akaona asihangaike na nauli, akachagua kuwauliza wafanyakazi wa pale wanavyotumia mishahara yao, akaandaa hojaji, mama akaipiga taipu, na mahali fulani katika hojaji hiyo palikuwa na swali lililouliza kama mshahara unatosha. Watu wa kiwandani walijibu kwa moyo mmoja, na mkubwa mmoja, ambaye hatukupata kumjua, akataka kufahamu ni nani aliyemtuma kijana huyo kuuliza. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 1985, watu wawili waliovaa vizuri walimwita nje ya maktaba, kwa adabu, akaacha sweta kitini kama mtu anayerudi sasa hivi, akapanda nao gari, na habari zake zikaishia hapo.

Baba alikwenda polisi, akaambiwa, "Mzee, mtu mzima akitembea si kosa," alirudi mara nyingi, akajibiwa vilevile na maofisa tofauti. Chuo nacho, baada ya wiki tatu, kilituandikia barua kwamba kijana wetu amefutwa katika orodha ya wanafunzi kwa kutohudhuria masomo bila ruhusa, na Agosti ya mwaka huo mama akastaafishwa kwa manufaa ya chuo, manufaa yenyewe hayakutajwa. Aliinunua mashine yake kuukuu kwenye mnada wa chuo, akaiweka barazani, na wanafunzi wakamfuata hukohuko, wa historia, wa lugha, wa dini, wa siasa, wa saikolojia, kila mmoja na kurasa zake zilizojaa madoa ya chai, wakampa jina la Mama Taipu.

Mwaka 1986, kwenye tasnifu moja iliyohusu kodi za zamani, mama alipofika katikati ya sura ya nne, mahali ambapo, kwa maelezo yake, hata mwenye tasnifu hafiki akiwa macho, aliongeza sentensi yake moja, iliyouliza kijana wa mwaka wa pili aliyeitwa nje ya maktaba asubuhi ya tarehe 9 Mei 1985 yuko wapi, mwenye habari amwone mpiga taipu. Tasnifu ikasahihishwa, ikasifiwa, ikajalidiwa, ikapangwa kwenye rafu, na hakuna aliyekuja. Akaiongeza kwenye iliyofuata, ya talaka za mijini, na kwenye ile ya lugha ya wafungwa, na ya foleni za maji, na katika kila iliyopita mikononi mwake, mpaka kompyuta zilipomwondoa kazini mwaka 1999, na katika miaka yote hiyo alijibiwa mara moja tu, na mtahini wa nje, mtu makini sana, aliyepiga mstari chini ya sentensi ile kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni, "Chanzo?"

Mwenye tasnifu alikuja mbio, karatasi mkononi, akisema, "Mama Taipu, umenitia nini humu, mwenzio nafukuzwa!", mama akamwambia akae kwanza apumue, akamwuliza, "Mwalimu wako kasemaje?", naye akasema mwalimu anataka chanzo, mama akamjibu, "Mwambie chanzo ni mimi, nilimzaa." Yule kijana akaomba ukurasa upigwe upya bila ile sentensi, na mama akaupiga, bila kumtoza. Najua baadhi yenu mliokuja leo mna shahada za wakati ule, na wengine zimewapandisha mbali, siwalaumu, nawaomba tu mkirudi nyumbani mfungue sura ya nne.

Baba alifariki kwa kiharusi tarehe 30 Novemba 1993, na historia yake tuliyoisoma siku ile ilisema ameacha watoto wawili, kwa sababu mama hakukubali idadi nyingine, kama ambavyo kila sensa alimtaja kaka miongoni mwa wanaoishi nyumbani, na karani mmoja alipomwuliza mtu huyo alilala wapi usiku wa kuamkia leo, alimjibu, "Hilo ndilo ninalotaka serikali iniambie mimi."

Mwaka 2011, mwezi wa Agosti, alibisha hodi binti mmoja wa historia, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, ambaye kwa kufanya mapitio ya maandiko kama inavyotakiwa, yaani kwa kuyasoma kweli, alikuwa ameikuta sentensi ile kwenye tasnifu ya talaka, kisha kwenye ya foleni za maji, akadhani homa inampanda, akashusha rafu nzima. Alisema, "Shikamoo mama, namtafuta mpiga taipu," mama akamwitikia, "Marahaba mwanangu, ni mimi, pita ndani, umechelewa kidogo."

Binti aliacha mada yake ya awali, akaandika pendekezo la kutafiti wanafunzi waliotoweka mwaka ule, akianza na kaka yangu, na pendekezo likapelekwa Kamati ya Maadili ya Utafiti, ambayo ilikutana mara tatu, ikanywa chai mara tatu, ikajibu kwa barua nzuri kwamba mtu hawezi kutafitiwa bila ridhaa yake ya maandishi, hivyo mwombaji alete fomu iliyotiwa sahihi na kaka yangu mwenyewe, au kama amefariki, alete cheti cha kifo. Mama alikwenda na Mjomba kuwauliza kama wameielewa mada, na katibu wa kamati, kijana mpole ambaye binafsi hakuwa na kosa, akamvutia kiti, akamwambia, "Mama, tuelewe, sisi hapa tunamlinda mwanao," Mjomba akauliza kama mwaka 1985 kamati ilikuwa likizo, akaombwa asubiri nje.

Cheti cha kifo hakitolewi bila maiti, ila mahakama ikiombwa na mzazi inaweza kumhesabu aliyepotea kuwa amekufa, na hapo ndipo mama alipobanwa pabaya, kwamba ili mwanawe atafutwe, kwanza yeye aape kwamba hayupo duniani. Familia iligawanyika, na Mama Mdogo, mdogo wake wa mwisho, alimwambia waziwazi, "Dada, ukitia sahihi hapo umemzika kwa mkono wako, na akirudi je?", mama akasema, "Akirudi nitamwomba radhi, ataniona mjinga, lakini ataniona." Hata hivyo alikaa na karatasi zile mwaka mmoja na nusu, hali chakula akashiba, halali akapata usingizi, mpaka tarehe 3 Februari 2014, alipovaa gauni lake la kanisani, akaniambia nimsindikize mahakamani, akatia sahihi. Karani alipofika kwenye chanzo cha kifo, mama alimwambia aandike hojaji, karani akapekua, akasema samahani mama, ugonjwa huo haumo kwenye orodha, akaandika haijulikani.

Utafiti ukaruhusiwa, na Oktoba 2016 binti alituletea alichokipata, kutoka kwa dereva mstaafu wa gari la hospitali, mzee aliyekubali kuzungumza baada ya kukataa mara nyingi, kwamba katikati ya Mei 1985 aliamriwa kuchukua vijana watatu kutoka chumba cha maiti, wasio na majina, na kuwapeleka makaburi ya manispaa, sehemu ya wasio na ndugu, upande wa tanuri la matofali, na kwamba mmoja wao alikuwa bado na miwani mfukoni, mkono mmoja wa miwani hiyo umefungwa kwa uzi mweusi, uzi ambao mama aliufunga mwenyewe Jumapili ya mwisho kaka alipokuja nyumbani. Mzee hakukumbuka walilazwa kwenye shimo lipi. Watahini walisema shahidi mmoja hatoshi kuwa hitimisho, maelezo yake yakahamishiwa kwenye viambatisho, na huko ndiko aliko kaka yangu kwa mujibu wa chuo.

Mama aliusoma ukurasa ule mwenyewe, taratibu, bila kusaidiwa, kisha akauliza jambo moja tu, kama dereva alisema walifunikwa, binti akamwambia ndiyo, alitaja turubai, mama akasema, "Haya," akamwuliza yule binti kama ameshakula.

Tangu mwanzoni mwa mwaka 2018 miguu ya mama ilianza kuvimba, akapimwa, ikaonekana shinikizo la damu limekwisha kuziharibu figo, akatibiwa akitokea nyumbani, na tarehe 11 Juni 2019 akalazwa hospitali kuu, wodi ya wanawake ghorofa ya pili, ambako aliwasumbua wauguzi kwa kuwasahihishia matangazo ya ukutani, mpaka alipofariki mchana wa Jumanne, tarehe 18 Juni, nikiwa nimemshika mkono. Ameacha mtoto mmoja na wajukuu watatu, na hii ni mara ya kwanza familia hii kutamka mtoto mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa ghorofa ya pili, majirani wa mtaa wa kiwandani waliotuletea viti na maji bila kuombwa, wapiga taipu wenzake wawili waliobaki, ambao wako hapa, na dereva mstaafu, ambaye amekuja na kuketi nyuma kabisa, mzee wetu, sogea mbele, hakuna anayekudai. Tunamshukuru kwa namna ya pekee binti wa historia, ambaye leo ni mwalimu, na ambaye tunaambiwa huwalazimisha wanafunzi wake kusoma mpaka mwisho.

Jambo la mwisho ni la utaratibu, kwa kuwa wengi mnauliza kwa nini hatumlazi mama kando ya baba. Mama aliagiza azikwe sehemu ya wasio na ndugu, tukaenda manispaa, na ofisa wa makaburi akatukatalia, akisema sehemu ile ni kwa watu wasio na mtu, na sisi tumejaa ofisini kwake mpaka mlangoni, Mjomba akamwuliza, "Kwa hiyo unataka tumkane?", ofisa akatafakari, akapiga simu, akatupa nafasi ya mwisho katika safu ya kawaida, ambayo inatenganishwa na sehemu ile kwa njia ya miguu tu. Njia hiyo ni nyembamba nasi ni wengi, tutalazimika kusimama hata upande wa pili, ambako makaburi hayana alama na mengi yamekwisha kuwa sawa na ardhi, basi tunawaomba mkanyage polepole, kwa sababu hatujui la kaka ni lipi.

Mama, umefika jirani naye, pumzika kwa amani, na wewe kaka, popote ulipo upande ule, pumzika.