Mama Kengele Atoka Chumba cha Kimya

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Kengele atafunga mlango wa chumba cha kimya cha kliniki yetu ya watoto na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya kupima masikio ya watoto wa watu. Mwanawe haitwi Kengele. Jina hilo alipewa na wazazi waliokuwa wakisubiri kwenye korido, kwa sababu ya ile kengele ndogo ya shaba isiyotoka mkononi mwake.

Alianza kazi hapa akiwa karani wa mapokezi. Miezi minane baadaye mpimaji aliyekuwepo aliacha kazi bila kuaga, na mganga mkuu wa wakati huo akamwuliza karani kama anaogopa watoto. Alijibu kwamba anaogopa wazazi wao tu. Akapelekwa mafunzoni, na aliporudi hakuondoka tena.

Kwa ambao hawajaingia chumbani mwetu: kuta zimefunikwa sponji, chini kuna zulia, juu kuna feni. Mtoto hukaa mapajani mwa mzazi. Mimi hukaa mbele yake na mwanasesere wa kitambaa, nikimshughulisha bila kutoa sauti. Mama Kengele husimama nyuma na kutikisa kengele. Mtoto akigeuka, amesikia. Kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa nimetazamana na mwanamke huyu juu ya vichwa vya watoto, na kila mtoto alipogeuka nilimwona akifurahi kama vile hajawahi kugeukiwa na mtu.

Kuna mtoto mmoja aliwahi kumeza ulimi wa kengele hiyo. Mama Kengele alimwambia mama yake asihofu, kilichoingia kina njia yake. Siku ya tatu ulimi ulirejea, ukachemshwa, ukarudishwa kazini. Wazazi mnaowapa watoto waichezee, poleni.

Lakini nimeahidi kusimulia habari ya binti mnong'onaji, na nitaisimulia, kwa sababu sisi wawili ndio tuliokosea.

Alikuwa na miaka minne. Masikio yake hayakuwa na kasoro. Aligeukia hata mlio wa vidole vikisuguana. Tulipomwonyesha picha ataje majina, midomo ilicheza lakini hatukusikia kitu. Mama Kengele akaandika: anasikia vizuri, usemi umechelewa sana. Tukampeleka kwenye darasa la watoto wenye matatizo ya usemi. Mama yake aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akashukuru, wala hakuuliza swali.

Alirudi baada ya mwaka mzima, hali ni ile ile. Tukiwa katikati ya picha, umeme ukakatika. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama. Tulikuwa tumeizoea feni ile kiasi kwamba hatukuihesabu kuwa sauti. Ndipo tukamsikia binti, kwa mnong'ono mwembamba, akieleza picha iliyokuwa mbele yake: "Huyu kuku ana watoto sita. Mmoja amepotea. Mama yake hajui."

Nilimtazama Mama Kengele. Alikuwa amekaa chini kwenye zulia, kengele imemlalia mapajani.

Mama mtu alishangaa kwamba tumeshangaa. Wanaishi chumba kimoja. Baba ni mwoka mikate. Anafanya kazi usiku, analala mchana, na asipolala hawezi kusimama mbele ya tanuri. "Baba amelala" ndiyo sentensi ya kwanza aliyofundishwa mtoto, na aliishika vizuri. Majirani humsifu kwa adabu. Mganga hajigangi, wanasema. Sisi wapima masikio tulikaa mwaka mzima bila kusikia.

Tangu siku hiyo fomu yetu ina swali ambalo hutalikuta kliniki nyingine: Nyumbani kwenu, nani hulala mchana? Wakubwa walicheka. Baadaye walinyamaza, maana majibu yalianza kuja: bibi mgonjwa, mama wa zamu, mjomba mwenye hasira. Mama Kengele hakuwahi kumlaumu mzazi hata mmoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alikuwa akisema, lakini mzazi halei peke yake: chumba nacho kinalea, zamu nayo inalea, na hivyo havikuombwa ushauri.

Akaanzisha Alhamisi ya kelele, watoto waje wapige kelele watakavyo, saa nne hadi saa tano, uani nyuma ya maabara. Mfamasia wa ng'ambo ya barabara alileta malalamiko ya maandishi mara tatu. Binti wa mwoka mikate alikuja Alhamisi mbili akisimama ukutani. Alhamisi ya tatu mtu alimnyang'anya mpira, naye akapiga ukelele hata mlinzi wetu akatoka mbio akidhani kuna ajali.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu. Mama Kengele mwenyewe ameniruhusu kuiandika. Kusema kweli ameniamuru, kwa kuwa jarida hili huwekwa kwenye mabenchi ya wazazi.

Siku iliyofuata ule mkatiko wa umeme, Mama Kengele alikuja kazini macho yamevimba. Aliniambia kwamba mwanawe naye ananong'ona. Mumewe alifariki wakati mtoto huyo ana miaka mitatu. Kila siku alirudi nyumbani kichwa kinalia kengele, akaomba saa moja ya utulivu. Saa moja ikawa mbili, mbili zikawa jioni nzima. Hakuwahi kumpiga wala kumfokea. Mtoto alijifunza tu kufunga mlango kwa mikono miwili na kutembea peku. Siku alipovunjika mkono shuleni hakusema. Mama aligundua kesho yake, alipomwona akifunga kamba za viatu kwa meno. Alikuwa na miaka tisa, na alisema hakutaka kumsumbua.

Mama alijaribu kurekebisha. Alinunua redio kubwa. Kijana akawa anaipunguza kila mama anapoingia. Leo ni mtu mzima, mchora ramani katika mji wa mbali. Hupiga simu Jumapili, dakika nne, na swali lake la kwanza ni kama hasumbui. Nimefika nyumbani kwa Mama Kengele mara kadhaa. Huiacha redio ikizungumza anapokwenda kazini, ili akifungua mlango akute sauti ya mtu. Kazini ana watoto kumi na tano kwa siku. Kuanzia Julai atabaki na redio, na jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Wiki iliyopita alimwalika mwanawe kwenye sherehe ya kumuaga. Jibu lilikuja kwa ujumbe: atakuja, kama haitakuwa usumbufu. Aliusoma mara mbili akiwa amesimama kwenye korido, wazazi wamejaa mabenchi yote mawili. Kisha akapiga simu papo hapo, na yule mama ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti akapaza sauti hadi watoto wakageuka wote kwa pamoja. "Njoo unisumbue, mwanangu! Njoo unisumbue mpaka nichoke!"

Alikaa na simu sikioni kwa muda mrefu. Kijana alijibu nini sijui, na sikuuliza. Jarida linakwenda kiwandani kuchapwa leo, nasi hatujui kama atakuja. Kiti chake tumekiweka safu ya mbele.

Mama, kwa niaba ya wenzako wote, na kwa niaba ya kila kichwa kilichogeuka, asante. Ukistaafu tutakuja kwako bila taarifa, tutagonga mlango kwa nguvu na tutakaa sana. Tunakutakia afya, miaka mingi, na mwana wa kukusumbua.