Maziwa ya Mwishehe Matano

Leo tunamrudisha kwenye udongo wa kwao ndugu yetu Mwishehe bin Matano, aliyezaliwa hapa Masaki, Kisarawe, mwaka 1931, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Matano Isihaka na Bi Mwamini.

Alihitimu Kurani, kisha darasa la nne mwaka 1946. Akalima mihogo na baba yake.

Mwaka 1962 aliajiriwa na kiwanda cha kemikali Dar es Salaam. Alikoroga unga wa asbesto kwa maji, akaukandika kwenye mabomba ya moto ili yasipoteze joto. Ulipokauka na kupasuka, aliubandua, akakandika upya. Hakupewa kitambaa cha pua. Alipewa chupa ya maziwa kila siku. "Yanaosha kifua," alisema msimamizi. Baada ya Azimio la Arusha kiwanda kikawa chetu sote. Vumbi likabaki la kina Mwishehe.

Mwaka 1964 alimwoa Mwanahalima wa Visiga, Kibaha, wakajenga huko. Maziwa hakuyanywa, aliyapeleka nyumbani kwa basi la jioni. Alipofika mlangoni, mweupe hadi kope, mkewe alimtania:

"Umetoka kazini au kinuni, baba Abeid?"

"Kinuni, mama. Unga wameuzuia, wamenipa maziwa."

Watoto walimrukia, wakacheka.

Kikohozi kilianza mwaka 1979. Alitibiwa kifua kikuu, asipone. Mwaka jana daktari alituambia mapafu yamekakamaa kwa vumbi la asbesto, wala hayana dawa. Kiwanda kilisema ni sigara. Mwishehe hakuvuta hata moja maishani mwake. Alifariki nyumbani Visiga jana, Jumanne, tarehe 13 Machi 1984, akiwa ameketi, kwa kuwa kulala kulishamshinda.

Tangu jana msibani tunasikia, "Angekunywa maziwa yake, angekuwepo." Kitinda mimba wake amesikia pia. Asubuhi ya leo amekisukuma kando kikombe cha chai ya maziwa, akalia. Basi wenye kusema wasikie: Mwinyijuma, mwenzake wa zamu, alikunywa yake hadi tone la mwisho. Tulimzika Kongowe mwaka juzi, kwa kifua kile kile.

Marehemu ameacha mjane, Mwanahalima, na watoto watatu: Abeid, Mboni na Mwanaamina. Wanangu, maziwa yale hayakuwa dawa. Yalikuwa maziwa tu, na baba yenu aliyapeleka panapostahili. Kunywa, Mwanaamina.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pasipo vumbi.